Tanga la Mifuko Saba

Lorine Nabiswa alianza kuchunga viatu vya watu akiwa darasa la pili, na kazi hiyo hakuiomba. Ilikuwa shule ya kwao, karibu na Webuye. Mwalimu wa michezo alipuliza filimbi, watoto wakatimka mbio kuelekea uwanjani, na yeye, ambaye polio ilikuwa imemnyausha mguu wa kulia kabla hajajua kutembea vizuri, akaambiwa akae kando ya goli aangalie mali ya wenzake. Wenye viatu darasani walikuwa watano. Basi akawa analinda jozi tano na rundo la sweta, kila Jumatano na kila Ijumaa, mpaka darasa la saba, na hakikupotea hata kiatu kimoja. Siku ya kufunga shule mwalimu alimsifu mbele ya wazazi. Mama yake akapiga makofi, naye Nabiswa akatamani ardhi ipasuke.

Leo ana miaka hamsini na sita, ana wajukuu watatu, na mtaani Umoja wote wanamwita Mama Sydney. Ameona mengi tangu hapo, lakini ile kazi haikumwacha. Watu wa kanisa wakienda pikiniki, yeye ndiye wa mikoba. Chama chao cha akina mama kikienda kwenye bwawa la kuogelea, wenzake wanajitosa na leso viunoni, wanapiga kelele kama kuku walioingiliwa na kicheche, na viatu vinajijulia vyenyewe pa kwenda: kwa Mama Sydney. Hakuna anayemlazimisha. Alishazoea kuketi kabla ya kuambiwa keti. Ila akirudi nyumbani siku hizo huwa mkali, anasukuma sufuria, na mumewe Wekulo alishajifunza kutouliza kuna nini.

Kazi yake ni ushonaji, sokoni Gikomba, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya wauza mitumba na mafundi wa mbao. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Mguu wa kulia unapumzika kando ndani ya kiatu cha soli nene alichochongewa na fundi viatu, na wa kushoto ndio unaofanya kazi ya miguu yote miwili. Umekanyaga miaka thelathini. Ukiuona huo mguu utadhani ni wa mtu wa kuvuta mkokoteni. Mikono yake nayo hivyo hivyo, kwa sababu ya kuvuta maturubai na vitambaa vya viti, maana yeye si fundi wa magauni tu, hushona chochote ambacho sindano inapita.

Upande ule wa Gikomba wana desturi yao. Fundi hukijaribu kwanza alichokitengeneza, mwenyewe, mteja akiona. Wa viti hukalia, wa vitanda hulalia, wa ndoo hujaza maji akazibeba. Hakuna aliyeisimamia desturi hiyo kwa ukali kama Mama Sydney. Aliponunua kitanda kwa Andati, fundi mbao wa kibanda cha pili, alimlaza juu yake saa sita mchana, akamwambia ageuke kulia, ageuke kushoto, alale kifudifudi, apige magoti kama mtu anayesali, na ajitupe kama mlevi aliyefika nyumbani. Watu wakajaa. Mpaka leo wapo wanaompita Andati wakimuuliza kama amelala vizuri. Andati ni mpole, alicheka pamoja nao, lakini hakusahau. Mtu hasahau kitu kama hicho.

Sasa, jirani yao Wehliye huuza mahema na maturubai ya mitumba. Siku moja alifungua robota, na katikati ya mahema akatoa dude lisilojulikana: kitambaa kigumu cha pembe tatu, kirefu kama mtu mrefu na nusu, chenye rangi ya chungwa na buluu, dirisha la plastiki katikati, namba kubwa, na upande mmoja mfuko mwembamba ulioshonwa kutoka juu hadi chini kama wa kupitisha fimbo. Walilizunguka wakalitazama. Mmoja akasema ni sehemu ya hema, mwingine akasema ni la kufunikia gari la mbio. Wehliye akachoka nao, akamrushia Mama Sydney, akamwambia huenda yeye akaona la kufanya nalo.

Akaona. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wanawake wa Umoja walikuwa wakilalamika kwamba mifuko ya dukani inakatika masikio kabla hujafika ngazi ya pili. Nabiswa alitandaza lile dude, akashika mkasi, na kabla ya saa ya chai alikuwa ameshapata mifuko saba ya sokoni, yenye mikono mipana na mshono wa mara mbili. Ule mfuko mwembamba mrefu haukufaa kwa lolote, akausukuma chini ya meza pamoja na vipande vidogo. Ile mifuko saba haikumaliza siku mbili. Mama Opicho wa ploti ya nyuma alichukua ule wenye dirisha, kwa sababu alitaka kuona nyanya zake zikiwa zinapondeka, ajue wa kumlaumu.

Wiki tatu baadaye akaja mzee mmoja kibandani, mwembamba, kofia ya jua, miguu mikavu ya mtu aliyekimbia sana maishani. Alijitambulisha kama Githinji, anaishi Lucky Summer, mwalimu mstaafu. Wa somo gani, Nabiswa akauliza. Wa michezo. Nabiswa akarudisha macho kwenye sindano.

Mwalimu Githinji alisema amemwona mama fulani sokoni Mutindwa amebeba sukuma wiki ndani ya mfuko wa buluu wenye dirisha na nusu ya namba, akamfuata mpaka mama huyo akatishia kupiga nduru. Hatimaye ndiye aliyemwelekeza hapa.

"Ninamtafuta aliyeukata ule mfuko," alisema.

"Ni mimi. Unataka mingapi?"

Githinji alimweleza, kwa sauti ya mtu anayepeleka habari za msiba, kwamba kile kilikuwa tanga. Si tanga la chombo, ni la ubao: mtu anasimama juu ya ubao majini, anashika tanga kwa mikono, upepo unambeba. Wana kikundi kidogo, kinakutana kila Jumamosi kwenye bwawa la shamba la zamani la kahawa upande wa Ruiru. Mbao wanazo nne, za msaada, na matanga wanayo, ila yote ni makubwa, ya vijana wenye nguvu. Watoto, wazee na wenye mikono dhaifu yanawashinda. Mwaka mzima amekuwa akizunguka kwenye maduka ya mahema akitafuta tanga dogo. Na dogo ndilo hilo.

Nabiswa alingoja alaumiwe. Alikuwa na majibu tayari, manne, makali. Lakini mzee yule hakumlaumu. Aliokota kipande kidogo cha rangi ya chungwa chini ya meza, akakinyoosha kwa kidole gumba, akakirudisha, akasema asante mama, kazi njema, akageuka.

Hilo ndilo lililomwudhi. Mtu akikufokea unamfokea mkaachana. Huyu alikuwa anaondoka na ustaarabu wake, na kumwachia yeye lile kosa mezani.

"Wee mwalimu," Nabiswa akamwita. "Kilichokatwa na fundi hushonwa na fundi. Niachie wiki mbili."

Kukusanya mifuko kulikuwa kazi kubwa kuliko kushona. Wenye sita walikubali kubadilishiwa na ya turubai, mmoja baada ya kunywa chai vikombe vitatu na kusimulia habari za mkwe wake. Wa saba alikuwa Mama Opicho, na Mama Opicho alikataa. Alisema mfuko ule ameuzoea, ameubebea Biblia, ameubebea omena, na wala hajawahi kusikia mtu akirudishiwa gauni akaambiwa lilikuwa tanga. Walivutana mpaka Mama Opicho akatoa masharti: dirisha litolewe, sawa, lakini liendelee kuitwa lake, na siku likienda huko majini na yeye aende, alione kwa macho yake likifanya kazi.

Nabiswa alifumua mikono, akafungua mishono, akatandaza vipande sakafuni mwa nyumba yake ya Umoja kama mtu anayepanga sahani iliyovunjika. Namba ndizo zilizomwongoza, na mistari ya rangi. Akautoa ule mfuko mwembamba chini ya meza, akaurudisha mahali pake. Akashona kwa uzi wa maturubai, mshono wa mara tatu, ulionyooka kama reli. Alipomaliza, Wekulo alilitazama lilivyolala sakafuni, bapa, halina hata mkunjo, akasema hapo kweli umefanya. Naye akakubali kwamba amefanya.

Jumamosi walienda kwa pikapu kuukuu ya mwalimu, mbao zimefungwa juu. Andati alikuwepo pia, maana mwalimu alikuwa amempa kazi ya kuchonga pezi la chini ya ubao lililovunjika. Mama Opicho aliketi mbele kwa sababu alisema yeye ni mgeni wa heshima.

Bwawa halikuwa kubwa. Kutoka ukingo huu hadi matete ya ng'ambo ungeweza kumwita mtu akasikia. Mibuni iliyosahauliwa ilizunguka pande tatu, na upande wa nne uliachwa wazi, na kutoka huko upepo uliingia tangu saa nne asubuhi bila kukatika. Nabiswa alikuwa ametarajia vijana wenye vifua. Alichokuta ni Mzee Muturi, wa miaka sabini na miwili, aliyestaafu reli na ambaye kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto uliolegea. Alikuta akina mama wawili wanaofanya kazi kiwandani Baba Dogo, wamekuja na masizi ya wiki nzima kuyaosha hapa. Alikuta msichana wa miaka kumi na minne, Tiffany, asiyeona tangu azaliwe, ambaye alikuwa katikati ya bwawa juu ya ubao, peke yake, akigeuza shavu lake huku na huku na kufuata upepo kwa ngozi. Mwalimu alikuwa ukingoni akipiga debe tupu kwa kijiti, taratibu, ili msichana ajue nchi kavu iko wapi.

Na kando ya maji, juu ya nyasi, kulikuwa na viatu vimevuliwa ovyo.

Nabiswa hata hakujua amefika pale saa ngapi. Alijikuta tu ameshaketi, gongo lake la kutembelea kando, anavipanga jozi kwa jozi.

Tanga lake lilipandishwa kwenye mlingoti, na mwalimu mwenyewe akaingia nalo majini. Watu wakasogea. Mwalimu akalivuta juu, akalishika, na tanga likasimama kama pazia la sebuleni. Upepo ulilipita. Lilipigapiga, likatetemeka, likasogeza ubao hatua mbili kisha likakata tamaa. Mwalimu alijaribu tena upande wa pili, ikawa yale yale. Alirudi akasema si vibaya, litafaa kufundishia jinsi ya kushika.

Mama Opicho alisema kwa sauti ya kusikika kwamba dirisha lake halina hatia.

Tiffany alitoka majini akiongozwa na kamba, akatafuta viatu vyake kwa mguu, akagusa goti la mtu.

"Nani ameketi kwa viatu?"

"Ni mimi, mwanangu. Ninaviangalia."

"Kwani vinaenda wapi, mathe?"

Aliuliza bila ubaya, akavaa vyake akaenda zake kunywa chai. Lakini lile swali lilibaki limemkalia Nabiswa kifuani. Miaka hamsini hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alitazama jozi zile tisa zilivyojipanga, hazina pa kwenda, mwizi wa karibu zaidi akiwa labda ng'ombe, akasikia aibu kumpanda masikioni. Aliona kwamba akiondoka hapa leo na tanga bovu na viatu salama, basi atazichunga ndara za watu mpaka siku ya kuzikwa, na pengine hata siku hiyo watamwekea viatu juu ya jeneza awashikie.

Akanyanyuka. Akamwambia mwalimu apandishe tanga lingine, moja ya yale makubwa, alione. Lilipokamata upepo akaingia majini mpaka magotini, na gongo, na kiatu cha soli nene, akalipapasa kwa viganja juu hadi chini, jinsi anavyompapasa mteja mnene anayeapa kwamba kiuno chake hakijabadilika. Tanga lilikuwa na tumbo. Lilikuwa limejaa hapa mbele, likapungua kuelekea nyuma. Ndipo akajua alichokosea, na kilimkera kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la mwanagenzi. Alikuwa ameshona pazia. Hakuna fundi anayemshonea mwanamke blauzi kwa mishono iliyonyooka, kwa kuwa kitambaa ni bapa na mtu si bapa. Lazima mshono upinde ili kifua kipate pa kukaa. Na upepo nao una kifua.

Wiki ile alifumua kila kitu. Majirani walisikia cherehani ndogo ya nyumbani ikilalama kila jioni kabla ya chakula. Safari hii alipinda mishono, kidogo katikati, zaidi mbele, akipunguza nusu kidole hapa na kidole pale. Na kwa kuwa tanga lilikuwa vipande saba, alikuwa na mishono ya kutosha kulipa umbo alilotaka. Wekulo alilitazama sakafuni akasema mbona sasa limevimba, limeharibika. Nabiswa akamwambia aendelee na gazeti.

Jumamosi iliyofuata lilipandishwa mlingotini palepale ukingoni, na kabla hata ya kufika majini likavuta. Mzee Muturi alilishika kwa mkono wake mmoja mzima akacheka peke yake. Mwalimu Githinji alinyoosha mkono alichukue aingie nalo.

"Hapana, mwalimu," akasema Andati.

Alikuwa ameegemea pikapu, mikono kifuani. Alisema pole pole, kama mtu aliyefanya mazoezi ya maneno hayo miaka miwili. Aliwaeleza wote waliokuwepo desturi ya Gikomba. Aliwaambia habari za kitanda, hakuacha hata kile kipande cha kujitupa kama mlevi. Kisha akamgeukia Nabiswa.

"Fundi hukijaribu kwanza. Au sheria ni ya vitanda tu, Mama Sydney?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu macho yao yalishuka kwenye mguu wake. Huo ukimya aliujua. Ndio ule wa kando ya goli. Baada yake huja mtu mwema akasema hapana, yeye tumwache, yeye atuangalizie vitu. Na kweli mama mmoja wa Baba Dogo alikwishafungua mdomo. Nabiswa hakumngoja. Aliketi chini akaanza kufungua kamba za kiatu chake cha soli nene, na katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kukivua mbele ya watu.

"Nileteeni jaketi la kuelea," alisema. "Na wewe Andati usiende mbali. Nikizama nataka nikuone."

Asikudanganye mtu, alianguka. Siku ile alianguka mara kumi na moja, na Mama Opicho alihesabu kwa sauti. Mwalimu alimpa ubao mpana kama mlango, akasimama kando yake maji yakiwa kifuani, akamfundisha kupiga magoti kwanza, kisha kushika kamba ya kuinulia tanga, kisha kunyanyuka. Mguu wa kulia ulikataa kama alivyojua utakataa. Ukinyanyuka unapinda, na ubao unaegemea, na maji ya bwawa la kahawa hayana ladha nzuri. Mwalimu, na hapa ndipo alipoanza kumsamehe kuwa mwalimu wa michezo, hakumwambia jikaze wala hakumwambia pole. Alimuuliza tu kazini hukaa vipi. Nabiswa akamwambia: kushoto hufanya kazi, kulia hungoja. Basi kaa hivyo hivyo, mwalimu akasema, uzito kushoto, na unaobaki ulibebeshe tanga.

Ilichukua Jumamosi nne. Alijifunza nchi kavu juu ya ubao uliowekwa kwenye nyasi, alijifunza penye maji ya magoti. Tiffany alimfundisha kusikiliza upepo kwa shavu, akimwambia asitazame tanga, tanga litamdanganya. "Skia, usione," alisema, na Nabiswa akamjibu kwamba hiyo ni rahisi kwake kusema. Wakacheka wote wawili mpaka wakapata kwikwi. Nyumbani Wekulo alianza kumkuta jikoni amesimama kwa mguu wa kushoto, ameshika mpini wa ufagio kwa mikono miwili na kuegemea nyuma. Hakuuliza. Ila aliona sufuria hazisukumwi tena.

Jumamosi ya tano alivua kiatu, akakitupa pamoja na vya wengine bila kukipanga, akaingia.

Alipiga magoti. Akashika kamba, akavuta, maji yakamwagika kutoka kwenye tanga, likapanda likiwa jepesi. Akashika kwa mkono mmoja, kisha wa pili, akalivuta kuelekea kwake kama anavyovuta kitambaa chini ya sindano, si kwa nguvu, kwa kulisikiliza. Tumbo lile alilolipinda mwenyewe likajaa. Tanga likamvuta mbele, yeye akaegemea nyuma, na hapo likatokea jambo ambalo mwalimu alikuwa amelieleza lakini maelezo si kitu: uzito ukamtoka miguuni. Tanga lilimshika, naye alilishika, wakategemeana. Mguu wa kulia ulikuwa pale juu ya ubao kama mwenzake. Kama ungekuwa ng'ambo ukimtazama akija usingejua ni upi mzima.

Nyuma yake aliwasikia wakipiga debe. Hakugeuka. Maji yalipita chini ya ubao yakitoa sauti kama ya mkasi ukipita kwenye kitambaa kizuri. Dirisha la Mama Opicho lilikuwa usawa wa macho yake, na ndani yake matete ya ng'ambo yalikuwa yakikua.

Yalikua upesi mno. Alikumbuka kwamba kugeuka hakujafundishwa, au kulifundishwa na hakusikiliza. Ubao ukaingia kwenye matete, ndege wawili wakaruka kwa matusi, naye akabaki amesimama. Mwalimu alikuwa anapiga kelele za maelekezo, upepo ukayapeleka kwingine. Basi Nabiswa akafanya kama afanyavyo vazi likifika mwisho wa mshono: hulilazimishi, unanyanyua mguu wa cherehani, unalizungusha, unaanza upande wa pili. Akalishusha tanga majini. Akapiga magoti. Akazunguka kwa magoti juu ya ubao pole pole, akausukumia mbali na matete kwa mkono, akalizungusha tanga kwa kamba mpaka likakaa upande mwingine. Akapumua. Akavuta tena.

Kurudi kulikuwa kutamu kuliko kwenda, kwa sababu sasa alikuwa anawaona. Alimwona Mzee Muturi ameinua mkono wake mzima. Alimwona Tiffany amegeuza shavu, anamwonyesha mwalimu kwa kidole fundi yuko wapi, na kidole chenyewe kiko sawasawa. Alimwona Andati ameingia majini na suruali hadi mapajani, na uso wa mtu aliyeomba mzaha akapewa kitu kingine.

Alifika. Kushuka hakukuwa kwa heshima sana, alijitupa tu kama yule mlevi wa kitandani, na Andati akamshika mkono wakatoka pamoja.

"Mshono umekaa," Andati alisema.

"Na pezi lako pia," akamjibu, na kutoka kwa Mama Sydney hiyo ilikuwa sifa ya mwaka.

Alitambaa mpaka kwenye nyasi kutafuta kiatu chake. Akakikuta kimesimamishwa vizuri pamoja na mwenzake, na vingine vyote vimepangwa jozi kwa jozi, kwenye mstari. Mwisho wa mstari alikuwa ameketi Mama Opicho, miguu imenyooshwa, mkoba wake mapajani. Alisema ameona vimetupwa ovyo, akaamua aviangalie, maana yeye na umri huu na mwili huu mambo ya maji yamempita, acha walio wepesi wafurahi. Alisema hivyo akitazama bwawa, si kumtazama Nabiswa. Na alikuwa amekuja Jumamosi sita mfululizo, mtu aliyesema anakuja kuona dirisha mara moja.

Nabiswa aliketi kando yake, maji yakimtiririka.

"Vua," akasema.

"Nivue nini?"

"Viatu, Mama Opicho. Nimeona kupitia dirisha lako mpaka ng'ambo. Twende nawe ukajionee."

Mama Opicho alikuwa na sababu nyingi. Alikuwa na presha, alikuwa na nywele alizosukwa juzi, alikuwa hajawahi kuingia maji yaliyozidi ya beseni. Nani angebaki na hivi viatu, akauliza mwishowe, na hapo sauti yake ilikuwa imeshapungua nguvu. Nabiswa alikuwa tayari amemwita mwalimu alete jaketi kubwa kuliko yote na ule ubao mpana kama mlango. Walimshusha majini watu watatu, akiwa amepiga magoti katikati ya ubao, ameshikilia mlingoti kama nguzo ya kanisa, akiwaonya kila mmoja kwa jina lake. Nabiswa alipanda nyuma yake kwa magoti, bila kiatu na bila gongo, kumshikia kamba.

Juu ya nyasi vilibaki viatu jozi kumi, na hapakuwa na mtu. Walipotoka kuvivaa saa kumi na moja, vyote vilikuwepo.